Njia ya Chakula na Njia ya Amani: Vita vya Msumbiji na Mkoa wa Ruvuma

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, pembeni mwa mji wa Songea, huteremka kusini, kisha hugeukia mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji hadi unapoingia Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya mto huo, kati ya mwaka 1977 na 1992, vilipiganwa vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya serikali ya chama cha FRELIMO na waasi wa RENAMO. Inakadiriwa kwamba watu milioni moja walikufa, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Raia wengine milioni 1.7 walikimbilia nchi jirani. Vita hivyo vilimalizwa mezani, baada ya mazungumzo ya miezi 27 mjini Roma, na habari za mazungumzo hayo haziwezi kuelezwa sawasawa bila kueleza habari za chakula: nani alikuwa nacho, nani alikizuia, na kilipita njia gani hadi kumfikia mwenye njaa.

Watu wa kusini mwa Songea waliijua Msumbiji kabla ya kuwapo mpaka. Wangoni, Wayao, Wanyasa na Wamakonde wana ndugu pande zote mbili za mto, na mstari uliochorwa na Wajerumani na Wareno mwishoni mwa karne ya 19 haukukata undugu huo. Kiangazi, maji yakipungua, mahali pengine mtu huvuka kwa miguu. Masika huvushwa kwa mtumbwi. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, wakimbizi walipita njia hizo hizo. Serikali ya Tanzania iliwapa makazi Muhukuru na Mputa katika Wilaya ya Songea, na Rutamba mkoani Lindi, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na wa shirika la makanisa la kuhudumia wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964, linalojulikana hadi leo kwa kifupi cha TCRS. Julai 1968 FRELIMO walifanya mkutano wao mkuu wa pili Matchedje, ndani ya Niassa, karibu kabisa na mpaka. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wakimbizi walifunga mizigo wakarudi kwao. Wenyeji waliowasindikiza hadi mtoni hawakutazamia kuwapokea tena, wao au watoto wao, baada ya miaka kumi na kitu.

Chanzo cha vita vya pili kilikuwa nje na ndani. Machi 1976 serikali ya Samora Machel ilifunga mpaka wake na Rhodesia ili kutekeleza vikwazo vya kimataifa, na ikawapa wapigania uhuru wa Zimbabwe mahali pa kujipanga. Idara ya usalama ya Rhodesia ilijibu kwa kuwakusanya Wamsumbiji waliokuwa na kinyongo na FRELIMO, ikawapa silaha na mafunzo. Hivyo ndivyo RENAMO ilivyozaliwa. Kiongozi wake wa kwanza, André Matsangaissa, aliuawa vitani mwaka 1979, na nafasi yake ikachukuliwa na Afonso Dhlakama. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, mlezi mpya wa kundi hilo akawa Afrika Kusini ya makaburu. Lakini moto huo usingewaka muda mrefu kama ndani ya nchi kusingekuwa na kuni. Wanavijiji wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya pamoja, machifu walidharauliwa, dini zilibanwa, na maduka ya vijijini yakawa matupu. Mkataba wa Nkomati wa tarehe 16 Machi 1984, ambamo Afrika Kusini iliahidi kuacha kuwasaidia waasi, haukuzima vita. Mazungumzo yaliyojaribiwa Pretoria mwezi Oktoba mwaka huo nayo yalivunjika.

Vita hivyo viliwaumiza raia kwanza. RENAMO walichoma vijiji, shule na zahanati, walikata barabara na reli, na waliwachukua watu kwa nguvu kuwa wapagazi na wapiganaji, watoto wakiwemo. Mwaka 1988 Robert Gersony, aliyetumwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aliwahoji karibu wakimbizi 200 katika nchi tano. Taarifa yake ilionyesha kwamba mateso hayo yalipangwa, na kwamba sehemu kubwa mno ya vitendo vilivyosimuliwa ilikuwa ya RENAMO. Jeshi la serikali nalo lilikusanya watu kandokando ya kambi zake, mbali na mashamba yao, ili adui akose wa kumlisha. Mkulima aliyekuwa katikati alinyang'anywa mahindi na huyu, akashukiwa na yule. Akilima hana hakika ya kuvuna, na akivuna hana hakika ya kula.

Wazee wa Ungoni hawakuhitaji kuelezwa jinsi njaa inavyogeuzwa silaha. Katika Vita vya Majimaji, kati ya 1905 na 1907, Wajerumani walipoona risasi peke yake haiwashindi wenyeji, waliteketeza mashamba na maghala ya nafaka. Viongozi walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, ambao hukumbukwa kila mwaka penye Makumbusho ya Majimaji, ni wachache wakilinganishwa na watu waliokufa kwa njaa iliyofuata, majumbani na maporini, pasipo mtu kuandika majina yao. Hali ya Msumbiji ya miaka ya 1980 ilifanana na hiyo kwa jambo hili moja: idadi kubwa ya vifo ilitokea mbali na uwanja wa mapambano.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vita vilipoenea Niassa na Cabo Delgado, watu walianza tena kuvuka Ruvuma. Walifika kwa makundi madogo, wengi usiku, wakiwa wamebeba watoto na mikeka. Kituo cha kwanza cha msaada kilikuwa nyumba ya ndugu au ya mwenyeji asiyewajua, kisha kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kijiji, aliyeandika majina na kutafuta mahali pa kulala. Sehemu kubwa ya wakimbizi hawakuingia kambini kabisa. Walikaa vijijini karibu na mpaka, wakapewa vipande vya ardhi, wakapanda muhogo na mahindi, wakafanya vibarua katika mashamba ya wenyeji. Wengine walihamishiwa kwenye makazi yaliyotengwa Likuyu, sehemu ambayo leo imo katika Wilaya ya Namtumbo, ambako huduma zilitolewa kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika ya hiari. Idadi yao katika Tanzania yote ilikuwa makumi ya maelfu. Ilikuwa ndogo kando ya ile ya Malawi, nchi finyu iliyobeba zaidi ya milioni moja, lakini haikuwa ndogo kwa vijiji vilivyoipokea.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Miaka hiyo Tanzania ilikuwa na uhaba wa sabuni, sukari, chumvi na nguo, na foleni za maduka zilikuwa ndefu Songea kama zilivyokuwa Dar es Salaam. Kilichookoa hali ni kwamba Ruvuma ni mkoa wa mahindi. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa miaka hiyo ya 1980, ilirahisisha magari kupandisha mbolea na kuteremsha nafaka, lakini kutoka Songea kwenda mpakani njia ilibaki ya vumbi na tope. Chakula cha mashirika kikichelewa kwa sababu ya mvua, mkimbizi alikula alichokula mwenyeji. Msaada huo wa ujirani hauonekani sana katika hesabu za kimataifa, kwa sababu haukupimwa kwa tani wala haukupita bandarini. Unastahili kuhesabiwa wa kwanza.

Tanzania ilihusika pia kijeshi. Mwaka 1987 askari wake wapatao 3,000 walikuwa Msumbiji, hasa jimbo la Zambezia, wakilisaidia jeshi la serikali kuyarudisha maeneo yaliyotekwa. Waliondoka mwishoni mwa 1988. Askari wa Zimbabwe walikuwa wengi zaidi na walikaa muda mrefu zaidi, wakilinda reli, barabara na bomba la mafuta kati ya Mutare na bandari ya Beira. Majeshi hayo ya kirafiki yaliizuia serikali isianguke. Hayakuweza kuleta ushindi, na kufikia mwaka 1988 hata ndani ya FRELIMO walikuwapo waliokubali kwamba hakuna upande utakaoshinda kwa bunduki.

Kupeleka chakula ndani ya nchi kulikuwa na ugumu wa namna nyingine. Malori ya misaada yalisafiri kwa misafara yenye ulinzi wa askari, na misafara hiyo ilishambuliwa barabarani. Wakati mwingine walinzi wenyewe, ambao mishahara yao haikufika kwa miezi, walijigawia mzigo. RENAMO walidai kwamba misaada inapelekwa katika miji ya serikali tu ili kuwavuta watu watoke katika maeneo yao. Serikali nayo iliona kwamba kilo ya unga inayoingia upande wa waasi ni kilo inayomlisha mpiganaji wao. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo kwa desturi yake haiingii mahali bila idhini ya pande zote mbili, ililazimika kuombea kibali safari za ndege zake, na mara kadhaa ilisimamisha kazi pale usalama wa ndege ulipokosa mdhamini. Kila kibali kilikuwa mazungumzo madogo: uwanja upi, siku ipi, nani atapokea, nani atahakikisha hakuna silaha ndani ya magunia. Pande mbili zilizokataa kutambuana hadharani zilikuwa tayari zinajibizana, kupitia mtu wa tatu, juu ya magunia ya mahindi.

Waliotangulia kuuona mlango huo walikuwa viongozi wa makanisa ya Msumbiji, na jambo hilo linapaswa kutajwa kwa heshima, kwa kuwa wakati ule kutamka neno mazungumzo kulikaribia uhaini. Baraza la Kikristo la Msumbiji, ambalo Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa Anglikana alikuwa mmoja wa nguzo zake, lilimwomba Chissano, aliyeshika urais baada ya Machel kufa katika ajali ya ndege ya tarehe 19 Oktoba 1986, aruhusu wachungaji kukutana na waasi. Alikubali wafanye hivyo bila kelele. Upande wa Wakatoliki, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alisafirishwa kwa siri mwaka 1988 hadi maficho ya RENAMO huko Gorongosa, akakutana na Dhlakama. Wote wawili walikuwa Wandau, na waliweza kuongea kwa lugha ya nyumbani. Askofu huyo alirudi na habari iliyobadilisha hesabu za wengi: kwamba upande wa pili una kiongozi anayeweza kusikiliza, na kwamba kiongozi huyo amechoka na vita.

Agosti 1989 mazungumzo yalihamia Nairobi, ambako viongozi wa makanisa walikutana na ujumbe wa RENAMO, na Marais Daniel arap Moi na Robert Mugabe wakakubali kuwa wasuluhishi. Bethuel Kiplagat, Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, alifanya kazi kubwa ya kuunganisha watu. Serikali ya Msumbiji ilitanguliza hoja 12, RENAMO wakajibu kwa hoja 16. Kila upande ulitaka mwenzake akubali jambo kubwa kabla ya kuketi: serikali ilitaka itambuliwe kuwa halali, waasi walitaka watambuliwe kuwa nguvu ya kisiasa. Usuluhishi huo ulikwama pia kwa sababu kila msuluhishi alionekana ana upande. Zimbabwe ilikuwa na askari vitani, na Kenya ilishukiwa kuwapendelea RENAMO. Mkutano uliopangwa Blantyre mwezi Juni 1990 ulishindikana, kwa kuwa ujumbe wa RENAMO haukutokea.

Tarehe 8 Julai 1990 pande mbili zilikutana ana kwa ana Roma, katika mtaa wa Trastevere, kwenye makao ya Jumuiya ya Sant'Egidio. Hiyo ni jumuiya ya walei Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1968 na Andrea Riccardi akiwa bado kijana wa shule. Haikuwa na jeshi wala hazina ya serikali. Ilichokuwa nacho ni imani ya Wamsumbiji, na imani hiyo ilipatikana kwa chakula: katika miaka ya 1980 jumuiya hiyo ilikusanya misaada Italia na kuipeleka Msumbiji kwa meli, ikasaidia pia kupunguza uhasama kati ya FRELIMO na Kanisa Katoliki. Wasuluhishi walikuwa wanne: Riccardi mwenyewe, padre kijana Matteo Zuppi ambaye leo ni kardinali, Askofu Mkuu Gonçalves, na Mario Raffaelli, mwanasiasa aliyeiwakilisha serikali ya Italia. Ujumbe wa serikali uliongozwa na Armando Guebuza, ambaye baadaye alikuwa rais, na ule wa RENAMO na Raul Domingos. Taarifa ya kwanza ya pamoja ilisema kwamba wao ni watu wa familia moja ya Msumbiji na watatafuta kwanza yanayowaunganisha. Maneno hayo yangeweza kubaki pambo. Yalifaa kwa sababu yaliliondoa swali la nani ni halali na nani ni jambazi, lililokuwa limewazuia kuketi Nairobi.

Makubaliano ya kwanza ya maana yalihusu njia. Tarehe 1 Desemba 1990 pande mbili zilikubaliana kusitisha mapigano katika ushoroba wa Beira na ule wa Limpopo, na askari wa Zimbabwe kubaki ndani ya kilomita tatu kila upande wa reli. Tume ya pamoja, yenye wajumbe wa nchi za nje, iliundwa kuchunguza ukiukaji. Treni zilianza kupita kwa hofu pungufu kidogo. Huo ulikuwa usitishaji mdogo, wa njia mbili katika nchi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000, na malalamiko ya kuvunjwa kwake hayakukoma. Hata hivyo kwa mara ya kwanza maofisa wa pande zote walikaa katika tume moja wakibishana kuhusu jambo linalopimika: treni gani ilipigwa, kilomita ya ngapi, na nani alikuwa hapo.

Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda polepole mno. Itifaki ya kwanza, ya kanuni za msingi, ilitiwa sahihi Oktoba 1991. Ya pili, ya vyama vya siasa, Novemba mwaka huo. Ya tatu, ya uchaguzi, Machi 1992. Kati ya kikao na kikao wajumbe waliondoka, walirudi, walilalamikia ratiba, malazi na fedha. RENAMO walichelewesha kwa makusudi wakati mwingine, kwa kuwa walijua kwamba wakiweka silaha chini kabla ya kupata mahali katika siasa watakuwa si kitu. Hoja yao ina mantiki yake. Lakini miezi ile ya ubishi wa Roma ilikuwa miezi ya watu kuzika watoto huko Zambezia na Niassa, na uamuzi wa kuiweka misaada ya chakula isubiri mwisho wa ajenda, pamoja na mambo ya jeshi, ulikuwa kosa kubwa la mazungumzo hayo. Pande mbili zilizoweza kukubaliana kuhusu treni mwaka 1990 zingeweza kukubaliana kuhusu malori ya unga mwaka huo huo.

Kilichowalazimisha ni ukame. Mvua za msimu wa 1991 na 1992 zilishindwa karibu kusini mwa Afrika yote, na Zimbabwe, Malawi na Zambia, nchi ambazo kwa kawaida hujilisha, zikaanza kuagiza nafaka kwa wingi kupitia bandari za Msumbiji na Afrika Kusini. Ndani ya Msumbiji hali ilikuwa mbaya zaidi, na sasa njaa iliwabana wapiganaji pia. RENAMO waliishi kwa kuchukua chakula cha wakulima, na wakulima hawakuwa nacho tena. Jeshi la serikali nalo lilikuwa na vikosi vilivyoasi kwa kukosa posho. Tarehe 16 Julai 1992, kabla ya kusitishwa mapigano, pande mbili zilitia sahihi tamko la kanuni za misaada ya kibinadamu. Zilikubali kwamba msaada ni wa Wamsumbiji wote bila ubaguzi, kwamba magari na ndege za Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu zipite salama, kwamba hakuna upande utakaotumia misafara hiyo kujinufaisha kivita, na kwamba raia wawe huru kutembea kufuata msaada. Utekelezaji ulianza kwa kusuasua, na maeneo mengi ya RENAMO hayakufikika hadi mkataba wenyewe ulipopatikana. Lakini kanuni zilikuwa zimeandikwa, na afisa wa misaada aliyezuiwa njiani alikuwa na karatasi ya kuonyesha yenye sahihi ya wakubwa wa anayemzuia.

Wiki tatu baadaye, tarehe 7 Agosti 1992, Chissano na Dhlakama, Mugabe akiwapo, walitia sahihi tamko la pamoja la kuahidi kumaliza. Mkataba Mkuu wa Amani ulitiwa sahihi tarehe 4 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mtakatifu Fransisko. Mapigano yalikoma karibu kila mahali kwa muda mfupi ajabu. Tarehe 16 Desemba Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 797 na kuunda ujumbe wa kulinda amani, ONUMOZ, chini ya Mwitaliano Aldo Ajello. Ndani yake iliwekwa ofisi maalumu ya kuratibu misaada, iliyopeleka mbegu, majembe na chakula katika sehemu za pande zote. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeonja uchungu wa Angola, ambako uchaguzi wa Septemba 1992 ulifanyika kabla majeshi hayajavunjwa, na kiongozi wa waasi wa huko, Jonas Savimbi, aliposhindwa akarudi vitani. Kwa hiyo Msumbiji ilisubiri. Askari zaidi ya 70,000 waliachishwa jeshi na kulipwa posho, mfuko wa fedha ukaundwa kuwasaidia RENAMO kuwa chama chenye ofisi na magari, na uchaguzi ukasogezwa hadi tarehe 27 Oktoba 1994. FRELIMO walipata viti 129, RENAMO 112. Wako waliochukia kuona fedha za wafadhili zikilipwa kwa watu waliochoma vijiji, na chuki yao inaeleweka. Fedha hizo zilinunua nafasi ya kwenda bungeni badala ya porini.

Wakimbizi hawakungoja uchaguzi. Waliokuwa vijijini kandokando ya Ruvuma walianza kurudi wenyewe, kwanza wanaume kwenda kutazama mashamba, kisha familia nzima baada ya mavuno ya upande wa Tanzania. Waliokuwa Likuyu walisaidiwa usafiri na Umoja wa Mataifa. Kurudi kulikuwa na hatari yake, kwa kuwa mabomu yaliyotegwa ardhini yalibaki kwenye vijia, visimani na chini ya minara ya umeme. Msumbiji haikutangazwa kuwa imeyamaliza hadi Septemba 2015. Walioolewa na waliozaa Tanzania walibaki, na leo hakuna awezaye kuwatenga na wenyeji kwa jina wala kwa lafudhi.

Tanzania ilikuja kuwa mwenyeji wa mazungumzo ya namna hiyo kwa ajili ya Burundi. Mwalimu Julius Nyerere aliyaanza Arusha mwezi Juni 1998, na baada ya kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999 Nelson Mandela aliyaendeleza hadi mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Tofauti na Roma iko wazi. Arusha walikuwapo wanasiasa wa vyama vingi, lakini makundi makubwa yenye bunduki hayakuwamo, na mapigano yaliendelea kwa miaka kadhaa huku kambi za wakimbizi za Kigoma zikijaa. Roma walikuwapo wawili tu, na wote wawili waliweza kuamuru watu wao waache kufyatua risasi.

Mkataba wa Roma uliacha deni. Dhlakama alibaki na kikosi cha walinzi chenye silaha, na manung'uniko kuhusu chaguzi na mgao wa nafasi yalirudisha mapigano kuanzia 2013. Baada ya kifo chake Mei 2018, mrithi wake Ossufo Momade alitia sahihi mkataba mpya na Rais Filipe Nyusi tarehe 6 Agosti 2019. Kambi ya mwisho ya RENAMO ilifungwa mwaka 2023, baada ya wapiganaji zaidi ya 5,000 kurudishwa uraiani.

Wakati huo vita vingine vilikwisha kuanza karibu zaidi na mpaka wa Tanzania. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi lenye silaha lilishambulia Mocímboa da Praia, jimboni Cabo Delgado, na Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Watu wakavuka tena Ruvuma, safari hii upande wa Mtwara, na maelfu walirudishwa Msumbiji licha ya maombi ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kwamba wapewe hifadhi kwanza. Hofu ya serikali ilikuwa na msingi, kwani Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, ndani ya Tanzania, kilishambuliwa na watu kuuawa. Majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, yaliingia mwaka 2021. Wapiganaji wa kundi hilo la Cabo Delgado hawana ujumbe unaojulikana wala hoja 16 za kujadili, na hakuna meza iliyowekwa. Kwa sasa kinachoweza kujadiliwa ni kile kile kilichoanza kujadiliwa Msumbiji kabla ya Roma: wilaya ipi ifikiwe, kwa njia ipi, chakula kipokewe na nani, na mwenye kuvuka mto akiwa na mtoto mgongoni apokewe vipi upande wa kaskazini.